SAA MOJA YA KUSOMA ITATOKA WAPI?

Na Bwana Shamba, Masasi

Ndugu msomaji, watu wazima wengi wanapenda kusoma. Ukiwauliza kwa nini hawaji kwenye kisomo, hawasemi kwamba hawataki. Wanasema, "Nafasi sina."

Neno hilo ni la kweli. Mkulima wa Masasi au Newala ana shamba la chakula. Ana mikorosho. Ana watoto. Ana maji ya kutafuta, na kuni za kukata. Jioni mwili umechoka. Sasa saa moja ya kusoma itatoka wapi?

Wengine huitoa kwenye usingizi. Wengine huacha kula vizuri ili wawahi darasani. Njia hizo hazifai. Mwili ukianguka, jembe linaanguka, na kitabu kinaanguka pia. Saa ya kusoma itoke mahali pengine. Itoke katika kugawana kazi vizuri zaidi nyumbani. Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo.

MASASI ILIKUWA MSTARI WA MBELE

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 wa Tanzania, watu 67 hivi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata, Mwalimu Julius Nyerere alitaka wilaya sita zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Masasi ilikuwa mojawapo. Nyingine zilikuwa pamoja na Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro na Pare.

Watu walisoma mahali popote. Walisoma shuleni watoto walipoondoka. Walisoma chini ya miembe. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Vitabu vya kisomo vilihusu kazi za watu wenyewe, kama kilimo, uvuvi, ufugaji na upishi. Mwezi wa Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa kisomo wa nchi nzima. Ilipofika mwaka 1986, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki 10 hivi kati ya watu 100.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini baadaye madarasa mengi yalilegea. Waliojifunza bila kuendelea kusoma wakasahau. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, watu 22 hivi hawakujua kusoma na kuandika. Kusoma ni kama njia ya shambani. Isipopitwa, nyasi zinaifunika.

KUSOMA NI KAZI YA SHAMBA PIA

Wako wanaosema kwamba kusoma kunampotezea mkulima wakati. Tuangalie salfa na mzani, kisha tuone.

Mikorosho yetu inasumbuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Ugonjwa huu unashambulia majani machanga na maua. Dawa yake moja ni salfa ya unga. Wataalamu wa utafiti wa Naliendele, kule Mtwara, walifundisha kipimo cha robo kilo kwa mti mmoja kila unapopuliza. Unarudia baada ya wiki mbili, mpaka mara tano.

Tuseme una mikorosho 40. Kila mti unahitaji robo kilo. Miti minne inahitaji kilo moja. Miti 40 inahitaji kilo 10. Ukipuliza mara tano, unahitaji kilo 50. Hiyo ni mifuko miwili ya kilo 25. Mtu anayejua hesabu hii hanunui mfuko wa tatu bure. Wala hapungukiwi na dawa maua yakiwa yamefunguka.

Sasa twende kwenye mzani. Tangu mwaka 2007, korosho zetu zinauzwa kwa njia ya stakabadhi ghalani. Unapeleka korosho kwenye chama cha msingi. Zinapimwa, nawe unapewa karatasi. Zinakwenda ghala kuu, kisha zinauzwa mnadani. Fedha zinakuja baadaye, na mara nyingi zinapitia benki.

Tuseme umepeleka kilo 48, kisha kilo 37, kisha kilo 52. Jumla ni kilo 137. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo. Hiyo ni bei ya mfano tu. Fedha zote ni shilingi 274,000. Ndipo makato yanatolewa. Mtu anayejua kusoma anaona ni makato gani na ni ya kiasi gani. Asipoelewa, anauliza. Asiyejua kusoma anapokea tu anachopewa.

Mtu huyo anaweza kupata hasara nyingine benki. Anampa mwenzake kadi na namba yake ya siri, kwa kuwa hawezi kusoma maandishi ya mashine. Siku moja anakuta fedha zimekwisha. Wahenga walisema, "Mali bila daftari, hupotea bila habari."

Kwa hiyo saa ya kusoma haipotei. Ni saa ya kulinda mavuno yako. Lakini ni lazima tuipate.

TUHESABU SIKU YA NYUMBA MOJA

Tuchukue nyumba moja ya mfano, huku juu ya nyanda za Makonde. Ni mwezi wa Julai. Mvua zimekwisha. Kuna mama, baba, na watoto wawili wanaosoma shule ya msingi.

Mama anaamka saa 11 alfajiri. Anafagia, anawasha moto. Anakwenda kutafuta maji, na anarudi saa 2 asubuhi. Anapika uji. Saa 3 yuko shambani mpaka saa 8 mchana. Anarudi na kuni kichwani. Anapika chakula. Saa 10 jioni anakwenda tena kutafuta maji, na anarudi saa 11 na nusu. Anatwanga, anapika, anawaogesha watoto. Wanakula saa 2 usiku. Anaosha vyombo na kuweka mambo sawa. Analala saa 4 usiku.

Baba naye anaamka saa 11 alfajiri. Anapuliza salfa mpaka saa 2, upepo ukiwa bado umetulia. Anakunywa uji, anaendelea na shamba mpaka saa 7 mchana. Anapumzika na kula. Saa 10 jioni anakwenda kwenye bao au barazani, mpaka jua linapozama.

Kisomo cha kijiji kinaanza saa 10 jioni na kinakwisha saa 11 na nusu, siku tatu kwa wiki. Baba anaweza kwenda. Mama hawezi. Saa hiyo hiyo yuko njiani na ndoo kichwani.

Je, mama asome usiku, baada ya saa 4? Akisoma mpaka saa 6, atalala saa tano tu. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi za kulala. Atafanya hivyo siku mbili au tatu. Siku ya nne atasinzia juu ya kitabu, au atajikata na panga shambani.

Dawa ya jambo hili ipo uani. Ni baiskeli. Ndoo moja ya maji ni lita 20, na uzito wake ni kilo 20. Mama anabeba ndoo moja kichwani. Baba akifunga madumu matatu kwenye baiskeli, analeta lita 60 kwa safari moja. Akifanya hivyo jioni tatu kwa wiki, mama anapata jioni tatu za kisomo. Hapo saa ya darasa ya mama imetoka kwenye baiskeli ya baba.

Baba hapotezi darasa lake. Anaweza kwenda majini saa 9, kabla kisomo hakijaanza. Bao linaweza kusubiri mpaka jioni nyingine.

Watoto wasaidie pia, wa kike na wa kiume. Tusimpe msichana ndoo na mvulana mpira. Lakini tukumbuke kwamba hata wao wana masomo ya kujisomea. Kazi yao iwe ndogo, nayo iishe mapema.

NYUMBA ISIYO NA BAISKELI

Si kila nyumba ina baiskeli. Kuna njia nyingine.

Kwanza, majirani wapeane zamu. Leo wewe unabaki na watoto wangu pamoja na wako, nami nakwenda darasani. Kesho mimi nabaki na wako.

Pili, tutumie foleni ya maji. Nyanda zetu hazina mito juu. Tangu zamani watu waliteremka mabondeni kufuata maji. Mradi wa maji wa Makonde, unaovuta maji kutoka Mitema, umepunguza taabu hiyo. Lakini maji yakiwa haba, foleni inakuwa ndefu. Mtu akikaa kwenye foleni nusu saa, anaweza kusoma kurasa mbili za kitabu. Anayejua amsomee asiyejua.

Tatu, tukinge maji ya mvua. Nyumba nyingi sasa zina bati. Tuseme bati lako lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Mvua nzuri ya milimita 20 ikinyesha, bati hilo linakusanya lita 960. Hata kama nyingine zitamwagika, unaweza kupata ndoo 40. Ndoo 40 ni safari 40 ambazo mama hatakwenda. Weka mifereji ya bati, na chombo au kisima chenye mfuniko. Mvua ya kwanza iache ipite, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya kunywa yachemshe.

MWILI NI CHOMBO CHA KAZI

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma vijitabu, wakajadiliana. Halafu waliinuka wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba, wakasafisha visima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kampeni ile ilionyesha kwamba kusoma, kufanya kazi na kutunza afya vinaweza kwenda pamoja. Nasi tufanye hivyo.

Mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima autumikishe mwili wake kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hizo ni saa mbili na nusu. Mkulima anayelima na kutembea anapita kiasi hicho kwa siku moja au mbili. Yeye hahitaji kukimbia jioni. Anahitaji kunyoosha mgongo na kupumzika. Kila baada ya muda, weka jembe chini. Simama wima, nyoosha mikono juu, vuta pumzi. Mpini wa jembe uwe wa urefu unaokufaa, usikukunje sana. Ukiinua ndoo, piga magoti na uinuke kwa nguvu za miguu, si za mgongo. Mama mjamzito asibebe mizigo mizito.

Lakini mwenye duka, fundi cherehani, karani wa chama na mwalimu wanakaa muda mrefu. Hao waende kwa miguu. Walime bustani. Au wafanye mchakamchaka asubuhi, kama tulivyofanya shuleni.

Salfa. Unga wa salfa unachoma macho, ngozi na kifua. Unapopuliza, funga kitambaa puani na mdomoni. Vaa shati la mikono mirefu, suruali na viatu. Kinga macho yako. Upepo uwe mgongoni kwako. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kubeba mtoto au kushika kitabu. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Salfa ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi. Mifuko mitupu ya salfa isitumike kuwekea chakula.

Macho. Watu wengi wakipita miaka 40 huona herufi za karibu zikififia. Wanasogeza kitabu mbali, kisha wanasema, "Mimi ni mzee, kichwa changu hakishiki." Si kichwa. Ni macho. Nenda ukapimwe kwenye kituo cha afya au hospitali. Mara nyingi miwani ya kusomea inatosha. Wanakisomo wengi wameacha darasa kwa sababu ya macho, nao wakadhani ni akili.

Taa. Kibatari kina moshi, na mwanga wake ni hafifu. Soma mchana au jioni jua likiwapo. Ikiwa ni lazima usome usiku, taa ndogo ya sola ni bora. Baada ya kusoma, lala ndani ya chandarua. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, na homa inakula siku nyingi kuliko darasa.

Chakula. Usije darasani na njaa. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi. Weka mbaazi, kunde au njugu mawe. Weka mboga kama kisamvu na majani ya maboga. Kula papai au embe la msimu. Vyote hivyo viko mashambani kwetu. Punguza chumvi, kwa kuwa shinikizo la damu liko vijijini pia. Ukifika zahanati, omba upimwe.

Pombe. Msimu wa korosho ni msimu wa mabibo, na mabibo yanatoa uraka. Mtu akianza uraka saa 9, saa 10 hayuko darasani. Kesho yake shambani anachelewa. Fedha ya korosho nayo inapungua kabla haijafika nyumbani.

DARASA LIFUATE KALENDA YA SHAMBA

Madarasa mengine hufa kwa sababu yanapangwa bila kutazama shamba. Darasa likiwa siku tano kwa wiki wakati wa palizi, nani atakuja? Walimu wa kisomo na halmashauri za vijiji wapange kufuata miezi.

Desemba mpaka Machi ni wakati wa kupanda na kupalilia. Darasa liwe siku moja au mbili kwa wiki. Mvua ikinyesha na shamba halilimiki, hiyo ni nafasi ya kusoma nyumbani.

Aprili mpaka Juni tunavuna mazao ya chakula na ufuta, na kusafisha mashamba ya mikorosho. Darasa linaweza kuwa siku mbili.

Juni mpaka Agosti tunapuliza dawa. Kazi hii ni ya alfajiri. Jioni nyingi ni nyeupe. Hapo darasa liwe siku tatu, nalo lisonge mbele haraka. Lakini ni miezi ya ngoma na sherehe pia, basi sherehe zipangiwe siku zake.

Septemba mpaka Desemba tunaokota korosho. Kila mtu yuko chini ya mikorosho. Darasa liwe siku moja kwa wiki, lakini lisifungwe. Siku hiyo kila mwanakisomo aje na karatasi yake ya mzani. Wasome pamoja, wajumlishe kilo zao. Hakuna kitabu kizuri kuliko karatasi yenye jasho lako.

DAKIKA KUMI ZA KILA SIKU

Siku ambazo hakuna darasa, soma dakika 10. Soma gazeti hili. Soma maandishi ya mfuko wa dawa. Soma ujumbe wa simu mwenyewe, badala ya kumpa mtoto akusomee. Andika katika daftari umefanya nini shambani leo, umetumia fedha kiasi gani, umepata kilo ngapi. Dakika 10 kila siku ni zaidi ya saa moja kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Anayetaka kuendelea zaidi ana njia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawasaidia watu wazima kusoma masomo ya sekondari nje ya shule. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, kwa kuiga shule za wananchi za Sweden. Masasi kuna chuo cha aina hiyo, na Newala pia. Vinafundisha ufundi na maarifa mengine. Ulizia kwa afisa elimu wa kata yako.

TUANZE NA JAMBO MOJA

Ndugu msomaji, usijaribu kubadili mambo yote siku moja. Leo jioni kaeni pamoja nyumbani, baba, mama na watoto. Chukueni karatasi. Andikeni kazi za siku, saa kwa saa, kama tulivyofanya hapo juu. Andikeni nani anafanya kila kazi. Mtaona mara moja nani amelemewa, na nani ana nafasi. Kisha ondoeni kazi moja kwa aliyelemewa, mumpe mwenye nafasi. Kazi moja tu. Saa iliyopatikana iwe ya kusoma.

Fanyeni hivyo kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, kaeni tena muitazame karatasi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, nani anaamka wa kwanza na nani analala wa mwisho? Kwa nini?

2. Ni kazi gani moja inayoweza kugawanywa ili mama apate nafasi ya kisomo?

3. Una mikorosho mingapi? Unahitaji kilo ngapi za salfa kwa msimu mzima?

4. Kijijini kwenu darasa linafanyika saa ngapi? Je, saa hiyo inawafaa wanawake?

5. Kuna wanakisomo walioacha kwa sababu ya macho? Nani atawapeleka kupimwa?